Uzi Mwekundu kwa Waliojeruhiwa

Wakati ule nilikuwa nimepanga mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye moja ya zile nyumba za zamani zilizobaki zimebanwa na maghorofa: korido katikati, vyumba huku na huku, bomba na choo uani. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, mzaliwa wa hapohapo, aliyekaa chumba cha mbele. Chumba kilichotazamana na changu alikaa dada mmoja muuza vitenge Kariakoo, pamoja na binti yake mdogo. Mumewe alikuwa dereva wa lori, safarini muda mwingi. Mimi nilikaa peke yangu. Sikuwa na mume wala mtoto, nilitoka kusini, nilikuwa karani kwenye duka la vipuri mtaa wa nyuma, na kanisani nilikwenda nikijisikia. Nayataja haya kwa sababu baadaye yote yalinigeukia.

Mchezo nilifundishwa na mwenzangu wa kazini, mtunza stoo, baba wa familia aliyeishi Mbagala. Aliuona kwenye simu: watu wazima wa nchi za mbali wamepanga majeshi madogo mezani, wanapigana kwa zamu. Tukanunua mfuko wa askari wa plastiki na vigari vyao kwenye maduka ya jumla ya vifaa vya watoto, tukagawana. Wake aliwaacha na kijani chao. Wangu niliwapaka rangi ya kucha ili tusiwachanganye, na rangi niliyokuwa nayo ni ya pinki. Nyumba za mji wetu zilikuwa maboksi ya plagi za magari. Mwendo wa askari tulipima kwa futi ya fundi cherehani, na risasi ikipigwa, dadu ndiyo inasema imepata au imekosa. Kwake kulikuwa na watoto wengi na hakuna meza, kwa hiyo tulichezea kwangu, Jumapili mchana, mlango wazi na pazia limepigwa fundo, asije mtu akasema neno.

Kilichotusumbua tangu mwanzo ni majeruhi. Askari akipigwa, unamwonyeshaje? Mwanzo tulimlaza. Lakini lori likipita barabarani meza ilitetemeka, wazima wakalala pamoja na wafu, tukaanza kugombana.

"Huyu alikuwa mzima," nasema.

"Huyu nilimuua mwenyewe, dada, ulipoenda kuchemsha chai."

Tukajaribu kuwaondoa kabisa mezani. Mwenzangu hakuridhika. Alisema mtu hafi pasibaki kitu. Wenzake lazima wamwone pale chini, waogope. Na aliyejeruhiwa tu, ambaye bado anaweza kupiga risasi mojamoja, utamwondoa nusu? Tukawavisha washa, vile vipete vya chuma vinavyokaa chini ya nati. Vikawa vizito, askari wakaanguka kifudifudi. Mwishowe nikaja na wazo la uzi. Mwekundu shingoni kwa aliyejeruhiwa. Mweusi kwa aliyekufa, naye anabaki amelala palepale alipoangukia. Kikosi kilichoingiwa na hofu kiliwekewa ushanga mweupe, na gari lililoungua lilipata kibonge cha pamba. Meza niliitandika kitambaa cheusi kwa kuwa ndicho nilichokuwa nacho. Vita moja ilituchukua Jumapili kadhaa, kwa hiyo katikati ya wiki niliifunika kwa shuka jeupe, vumbi lisiingie.

Leo nikiandika hivi naona wazi kabisa. Wakati ule nilichoona ni uwanja wa vita, tena nilijisifu moyoni kwa jinsi ulivyopendeza.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha mchana nikiwa kazini, na dirisha langu nilikuwa nimeliacha wazi. Bibi alikuwa na funguo za akiba. Akamtuma jirani yangu aingie alifunge. Jioni nikakuta dirisha limefungwa, na shuka pale mezani limekunjuka pembe moja. Bibi akaniambia ni jirani aliyelifunga, nikaenda uani kumshukuru. Alikuwa anakaanga samaki.

"Asante kwa dirisha, jirani."

"Haya," akasema, bila kugeuka.

Siku chache baadaye mtoto wake akashikwa na homa.

Sikuunganisha mambo hayo mawili. Niliona tu nyumba imenibadilikia. Nikiingia uani maongezi yanakatika. Ndoo yangu niliyoiacha kwenye foleni ya bomba nikaikuta imesukumwa kando, peke yake. Yule mtoto, ambaye zamani alikuja mlangoni kwangu kunionyesha viatu vyake, alipepesuka kuelekea kwangu siku moja na mama yake akamvuta mkono kwa nguvu hadi akalia. Nikadhani ni habari ya mwanamume anayekuja Jumapili. Nikamwambia mwenzangu asije kwanza, tupumzike. Kazini nilikosea risiti. Kila nikikaribia nyumbani nilijikuta nikizunguka kituo cha mwendokasi mara mbili kabla ya kuingia.

Kisha mtoto akalazwa.

Nikanunua machungwa ili niende nikamwone. Koridoni nikakutana na mpangaji mwingine, mzee fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Akanisimamisha.

"Dada, unaenda hospitali?"

"Ndiyo. Kumwona mtoto."

"Usiende. Nakuomba."

"Kwa nini?"

Akatazama milango ya watu, akashusha sauti. "Wewe usiende tu. Na vile vitu vyako vya mezani... vimeonekana."

Nikarudi chumbani nikafunga mlango. Nikalivuta lile shuka. Nikasimama nikatazama, na kwa mara ya kwanza nikaona alichokiona yule mama siku ya mvua: vijitu vimelala kwenye kitambaa cheusi, nyuzi shingoni, shanga, pamba, na juu yake shuka jeupe kama sanda. Nikakaa kitandani na machungwa yangu mapajani.

Niwatupe? Nikitoka na mfuko, watasema naenda kuzika. Niwachome? Moshi wa plastiki utajaza nyumba nzima. Niwaache? Basi watakuja kuwachukua wenyewe, na watu wakija kuchukua vitu vya namna hiyo hawaji wawili. Nilishasikia habari za wanawake waliokaa peke yao wakaitwa wachawi. Nikaanza kumwombea mtoto. Niliomba kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo, na katikati ya sala nikajiuliza namwombea yeye au najiombea mimi. Nikaendelea kuomba.

Kesho yake mchana bibi akaniita. Nilimkuta kwenye kiti chake, na jirani yangu amesimama ukutani. Alikuwa ametoka hospitali kubadilisha nguo, macho mekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Mlango uache wazi. Nimepangisha watu wa kila namna humu. Sijamuuliza mtu anaabudu nini. Leo nakuuliza wewe. Mle chumbani mwako mna nini?"

"Mchezo, bibi."

"Mchezo gani unafunikwa sanda?"

"Ni shuka tu."

Jirani akajitoa ukutani. "Kale kadogo ka pinki kalikopiga magoti, kenye uzi mwekundu shingoni. Ni nani yule?"

"Ni askari. Amepiga magoti ili alenge shabaha. Amejeruhiwa."

Nililijutia neno lenyewe kabla halijaisha kutoka.

"Amejeruhiwa na nani?" akauliza. "Mwanangu ana gauni la pinki. Siku homa inaanza aliniambia, mama, shingo inaniuma."

Bibi akasema nikavilete. Nikaibeba ile meza mwenyewe hadi uani, kila kitu juu yake kinayumba. Wapangaji walikuwa wameshatoka. Hakuna aliyesogea karibu. Nilitaka kueleza lakini kila neno nililonalo lilikuwa baya: aliyekufa, aliyejeruhiwa, aliyeingiwa na hofu. Na kulikuwa na aibu nyingine: ili niokoke ilibidi nikiri mbele ya watu kwamba mimi, mwanamke mzima mwenye kazi, Jumapili zangu nachezea wanasesere.

"Nampigia mwenzangu," nikasema. "Mtamsikia wenyewe."

"Weka sauti kubwa," bibi akaamuru.

Simu ikaita. Mtunza stoo akapokea kwa furaha yake ya kawaida, bila hata salamu:

"Dada! Vipi, umeshammaliza yule wa dirishani?"

Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Mungu wangu."

"Wewe baba," bibi akasema kwenye simu, "nani anamalizwa?"

Sauti yake ikabadilika, akasalimia shikamoo kwa adabu, akauliza kuna nini. Nikamwambia kwa kifupi. Hapo akaanza kueleza, na mtu yule akianza kueleza haachi njiani. Akaeleza futi ya kupimia. Akaeleza dadu, kwamba ukipata sita umeua, nne na tano umejeruhi. Akaeleza kwamba aliyejificha ndani ya boksi la plagi, kama yule wa dirishani, hapigwi kirahisi. Akaanza hata kulalamika kwamba namwibia kwenye mwendo wa magari. Bibi alisikiliza yote, kichwa kimeinama.

"Ninyi ni watu wazima?" akauliza mwisho.

"Ndiyo, mama."

"Mna kazi?"

"Tunazo, mama."

Bibi akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na wengine wakaanza kucheka, kwanza kwa woga kisha kwa sauti. Jirani yangu hakucheka.

"Mimi sijali kama ni mchezo," akasema. "Mwanangu yuko kitandani. Kata hizo nyuzi."

Fundi cherehani akaleta mkasi. Nikakata. Nyuzi zilikuwa fupi na nilikuwa nimezikaza sana, mkasi ukawa unateleza, nikamkwangua askari mmoja rangi na mwingine nikamkata mtutu wa bunduki. Nilianza na yule wa pinki aliyepiga magoti. Nilipomaliza nyekundu jirani akasema, "Na nyeusi." Nikakata na nyeusi. Yeye mwenyewe akaziokota moja baada ya nyingine kwenye kitambaa, akazitia kwenye jiko la mkaa, akasimama mpaka zikaisha. Kisha akachukua mfuko wa nguo za mtoto akarudi hospitali.

Ilikuwa homa ya matumbo. Mtoto alipewa dawa, akapona, akarudi nyumbani amekonda, na ndani ya wiki alikuwa anakimbia koridoni. Siku ile anarudi niliketi nyuma ya mlango wangu nikisikiliza sauti yake, na nikalia kimyakimya, asinisikie mtu.

Mimi na mwenzangu tulirudi kucheza, ila sasa uani, mbele ya kila mtu. Aliyekufa anatoka mezani, anakwenda kwenye kopo. Aliyejeruhiwa anageuzwa mgongo, basi, hafungwi kitu. Mwenzangu analalamika kwamba anasahau nani amejeruhiwa na nani anatazama tu nyuma, na ni kweli, tunagombana zaidi kuliko zamani. Bibi huja na kikombe chake cha kahawa, anauliza huyu vipi, na yule mbona anakimbia. Fundi cherehani tayari anataka jeshi lake.

Jirani yangu ananisalimia. Ananisalimia vizuri. Lakini mtoto akikohoa tu, mlango wao unafungwa, na mimi nikisikia kikohozi naacha ninachofanya nisikilize kama kitarudia.

Idi iliyofuata aligonga kwangu. Alikuwa ameshika sahani ya pilau imefunikwa.

"Karibu, jirani. Idi."

"Asante. Nashukuru sana."

Akarudi chumbani kwake. Nikafunua sahani. Pilau ilinukia, nyama juu, kachumbari pembeni. Nikachukua kijiko, nikakiweka chini. Nikajiuliza kwa nini ameniletea, kwa nini leo, na kama kuna kitu alichotia ndani. Nikaona haya kwa kuwaza hivyo, na bado nikawa nawaza. Mwishowe nikavuta kigoda changu hadi mlangoni, nikafungua mlango wote ili anione kutoka kwake, nikala mpaka sahani ikawa nyeupe.