Mdogo wangu aliiba ng'ombe. Aliyekuja kumpa kazi aliniacha mdomo wazi

Wakuu, habari za humu. Naandika kwa simu ya mjukuu, nikikosea mnivumilie. Haya niliyaona mwenyewe, sikusimuliwa.

Ni miaka ya themanini. Nilikuwa napima pamba jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga mjini. Mdogo wangu Masanja alikuwa jela kwa wizi wa ng'ombe. Na kweli aliiba, simsafishi hapa.

Siku moja nikaitwa gerezani. Bwana jela akasema dogo katulia, anaweza kutoka kabla ya muda, hii mnayoiita parole siku hizi. Sharti awe na kazi inayomsubiri. Ikikosekana, anabaki ndani hadi amalize kifungo.

Nikajisemea hiyo ndogo. Weee!

Meneja wangu alinicheka. Ibadakuli, kwenye vibarua vya kufyeka uwanja wa ndege, msimamizi kusikia tu "ng'ombe" akanipa mgongo.

Nikadandia lori hadi Rwamgasa kwa wachimbaji wa dhahabu, nikijua kule hawaulizi mtu katoka wapi. Mwenye shimo akauliza, "Kosa gani?"

Nikamwambia.

"Angekuwa kaua mtu ningempa sururu sasa hivi. Mwizi wa ng'ombe, hapana."

Aisee! (Kwa msiojua, kwetu Usukumani ng'ombe ndiye mahari, ndiye akiba, ndiye heshima ya mtu. Na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walikuwa wamepamba moto.)

Nikarudi kijijini kwa mama, mikono mitupu. Nikamkuta Mzee Ng'wandu kasimama uani. Huyo ndiye aliyeibiwa!

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Acha kuhangaika na malori. Kazi nitampa mimi."

Nikajua anataka akamuulie porini. Lakini ningefanyaje? Nikapeleka jina lake gerezani.

Masanja alipotoka, mzee akaja anaswaga majike na ndama wao hadi zizini kwa mama. Kwetu mwenye mifugo mingi humkabidhi mtu baadhi akae nao kwake, maziwa yawe yake. Ila humkabidhi mtu anayemwamini. Anayemwamini, wakuu!

Akamwonyesha Masanja jike jekundu. "Huyu mnafahamiana."

Masanja alikaa chini vumbini, akalia kama mtoto.

Mkuu wa sungusungu akaja juu. "Mzee, umelogwa?"

"Akikaa mbali nao, nitawalinda mimi maisha yangu yote. Wakikaa kwake, atawalinda yeye."

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, zizi likakutwa tupu. Masanja hayupo. Yowe likapigwa, watu wakaja na pinde. Mama alianguka pale pale. Mimi nilisema basi, kwisha habari yetu.

Mzee Ng'wandu alifika, akakataa kwenda na msako. Akakaa mlangoni kwa mama.

Jua la utosi Masanja akatokea anawaswaga wote, bega limepasuliwa kwa panga. Wenzake wa zamani ndio walikuwa wamekuja kuiba, naye akawafuata peke yake.

Mzee akainuka, akawaangalia ng'ombe, akamgeukia mama.

"Mama Masanja, lete kibuyu. Hawa hawajakamuliwa tangu jana."

Nilichojifunza: mimi ndugu yake wa damu nilimtafutia kazi kila mahali, ila kumwamini sikuwahi. Aliyemwamini ni yule aliyeibiwa.

Haya, semeni ukweli wenu. Angekuwa kaiba kwako, ungemkabidhi?