Dungusi Chini ya Karai

Nikilowesha mchanga uliochanganywa na vumbi la makaa, harufu yake hunirudisha kwenye nyumba yetu ya udongo, Ruiru. Baba alikuwa shamba boi wa mzungu wa kahawa. Siku moja alirudi na mbegu ndogo kama ugoro, akazipanda ndani ya mkebe uliotobolewa chini. Hakumwagia maji kwa juu. Aliuweka mkebe ndani ya sufuria yenye maji, mchanga ukanywa wenyewe. Zilipoota, cucu, mama yake, alidhani ni ukungu, akataka kuusugua mkebe.

"Wacha, mama. Ni dungusi, itakuwa na miiba na maua."

Ilibaki moja tu, saizi ya kifungo cha koti, askari walipokuja kumchukua baba wakati wa Mau Mau. Akamwambia cucu, "Hiyo huchukua miaka. Haitachanua kabla sijarudi."

Macho ya cucu yalikuwa yamefifia. Kila jioni aliuliza, "Imechanua?"

Mama akiwa kahawani na cucu amelala, nilishinda uani na ule mmea kama mwenzangu. Miaka ilipita, baba hajarudi. Mchana mmoja ikachanua, ua la rangi ya waridi, kubwa kuliko mmea wenyewe. Hakukuwa na mtu wa kumwita. Nikaifunika kwa karai.

Mama aliporudi, aliinua karai ili anawe miguu. Aliliona ua, akalirudisha karai polepole, akaingia ndani na matope yake.

"Imechanua?" cucu akauliza kutoka mekoni.

Mama akanitazama.

"Bado, mama," akasema.