Malaria ya Novemba

Huku kwetu mtu hujulikana alikuwa nani siku ya kuzikwa. Kabla ya hapo ni jirani tu, aliyeazima panga lako akakataa kulirudisha. Siku ya mazishi picha zake huchapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, mtu mwenye sauti nzito hupewa kipaza sauti, na tunaelezwa kwamba miaka yote tumeishi na shujaa na hatukuwa na habari.

Ndivyo ilivyokuwa tulipomzika mmoja wa wenzake Baba kule Tulia. Walikuwa jeshini pamoja. Marehemu mwenyewe tulimjua kwa ubahili na kwa kukohoa katikati ya mahubiri, lakini msomaji wa wasifu wake alipofika kwenye medali zake, akazitaja moja baada ya nyingine, umati mzima ukapiga makofi. Makofi, mazishini. Baba alikuwa ameketi karibu nami, sikio lake zima limeelekezwa kwa msomaji. Lile lingine liliharibikia ng'ambo, jeshi lilikompeleka kulinda amani ya watu wengine. Hakupiga makofi.

Asubuhi yake alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akachomoa cheti chake cha kustaafu jeshi, akaniwekea kidole mahali pa medali. Palikuwa pameandikwa neno moja: Hakuna.

"Mimi watasoma nini?" akaniuliza.

Nikamwambia watasoma kwamba aliacha watoto sita na kuku wengi. Hakucheka. Hapo nikajua ana uchungu wa kweli, kwa sababu Baba ni mtu wa kucheka hata akijikata na jembe.

Hadithi ya medali zile tuliijua tangu utotoni. Alistahili mbili. Moja ilikuwa ya kulinda amani ng'ambo, na nyingine ya utumishi mrefu na mwenendo mwema. Zote, alituambia, zilipotezwa na makarani. Kila akitamka neno makarani alitema mate pembeni, na kwa miaka mingi mimi nilidhani karani ni aina ya panya. Sasa Baba amefika umri wa kuhudhuria mazishi kila Ijumaa, na alikuwa akiona zamu yake inakaribia na hana cha kusomewa. Nikamwambia aniachie mimi hao makarani.

Mimi nauza misumari na mabati Mwingi. Wateja wangu ni madereva wa malori na wafugaji ambao wakianza kuomba kupunguziwa bei hawaachi mpaka utoe na senti ya kanisa, kwa hivyo ugomvi kwangu ni sehemu ya biashara. Nilifunga duka, nikavaa rinda la Jumapili na viatu vinavyosikika kabla mwenyewe hujaonekana, nikaenda kwenye ofisi inayoshughulikia wastaafu wa jeshi. Njia nzima nilikuwa nikitunga matusi yenye adabu.

Nilimkuta sajini mmoja mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mwenye meza safi kupita kiasi. Nikamwaga yote. Sikio la Baba, amani ya watu wengine, uvivu wa makarani, kodi ninayolipa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema ataagiza faili kutoka makao makuu, nirudi. Niliporudi, miezi imepita na matusi mapya yako tayari, faili lilikuwa mbele yake.

"Dada, hizi medali hazikupotea," akasema. "Ile ya amani ilikuwa imeshaletwa kambini. Siku ya gwaride la kuwapa, jina la mzee likaitwa na hakuwepo. Hakuwa kambini kabisa. Alirudi mwenyewe baadaye, akaambiwa alete maelezo, na ile ya mwenendo mwema ikasimamishwa mpaka ayalete. Mkubwa wake akahamishwa. Maelezo hayakuletwa mpaka leo."

Nikamwomba anisomee tena, polepole.

Akanieleza cha kufanya. Mzee aje mwenyewe aseme alikuwa wapi siku ile, na alete shahidi mmoja waliyekuwa naye jeshini. Kama alikuwa mgonjwa, rekodi itarekebishwa na medali zote mbili zitaingia. Kama alitoroka kazi, ile ya amani ataipata tu, maana aliitolea jasho, lakini ya mwenendo mwema aisahau, na utoro wenyewe utaandikwa hapo hapo pamoja na medali. Nikasema asante, afande, kwa sauti ambayo mume wangu hajawahi kuisikia.

Nilikwenda moja kwa moja hadi kwa Baba. Nikamuuliza siku ya gwaride alikuwa wapi.

"Huyu jogoo amekonda," akasema.

Nikazunguka upande wa sikio zima, nikamuuliza tena. Akajitia hamnazo, akamtupia jogoo mtama. Mwishowe akasema, "Nenda ukamwone mjomba wako."

Mjomba, ndugu yake Mama, anaishi Mbumbuni. Yeye na Baba waliandikwa jeshi siku moja, na ndiye aliyempeleka Baba kwao akamwona dada yake, wema ambao humkumbusha kila Krismasi. Mjomba medali zake anazo. Huzisugua kwa dawa ya meno na huzivaa popote penye watu zaidi ya watatu, iwe harambee, baraza la chifu au mnada wa mbuzi. Mwaka juzi alizivaa kwenda kung'olewa jino. Ni mzee wa kanisa pia, lakini hodari wa kupiga chuku, na adui waliokutana nao ng'ambo huongezeka kila akisimulia.

Nilimkuta akianika ndengu uani. Nikaanza kumweleza habari za gwaride.

"Alikuwa na malaria," akasema, sijafika hata katikati.

"Mjomba, bado sijakuuliza."

"Basi usiniulize. Malaria kali. Nilimwona na macho yangu akitetemeka."

"Ulimwona wapi? Faili linasema hakuwa kambini."

Akasimama na ndengu mkononi, akafikiri. "Alitetemeka akatoka nje ya kambi. Akaenda kutafuta daktari."

"Na utaapa hivyo?"

"Nitaapa kwa Biblia. Shemeji yangu hatazikwa kama mpishi wa shule."

Nilijua ananidanganya, na alijua najua. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu na Baba siku ile ya makofi. Nikajiambia malaria ni ugonjwa wa heshima, hata machifu huugua, na hakuna aliyewahi kuaibika kwa kuugua. Nikanywa uji wake nikarudi nyumbani na mpango.

Siku ya kwenda ofisini tulipaswa kuwa watatu. Tukawa wanne, kwa sababu Mama alitokea amejifunga kitenge kipya, akasema hajawahi kuona ofisi ya jeshi kwa ndani na hana mpango wa kufa kabla hajaiona. Mama ameokoka, tena ule wokovu wa zamani, wa kumwambia mgonjwa kwamba amekonda vibaya. Kwa hiyo hakuna aliyemweleza habari za malaria. Tulidhani atakaa kimya tu asikilize, dhana ambayo haina msingi wowote katika historia ya familia yetu.

Sajini alitupatia viti. Mjomba alikuwa na medali zote kifuani, zinagongana kila anapovuta pumzi. Maelezo yake alikuwa ameyatuma mapema, yamepigwa chapa, na sajini akayasoma kwa sauti ili kila mtu akubali: kwamba mwezi wa Novemba, siku ya gwaride, mzee huyu alikuwa mgonjwa wa malaria, akaondoka kambini kutafuta matibabu.

"Novemba ya mwaka gani?" Mama akauliza.

Sajini akamtajia mwaka.

"Hapana," Mama akasema. "Huo ni mwaka wa huyu." Akaninyoshea kidole mimi. "Nilikuwa nimemzaa juzi tu, hata mgongo haujashika. Mvua ikanyesha usiku na sina mtu wa kushika plau. Kulikuwa na jirani yetu anafanya kazi ya bekari karibu na kambi, nikampa ujumbe, mwambie mvua imefika. Na akaja. Walimpa livu, ruhusa ya kuja nyumbani. Akalima shamba lote la chini, akapanda mahindi na kunde na mbaazi, ndipo akarudi. Sasa malaria gani? Mtu alikula mguu mzima wa mbuzi."

Mjomba akamkanyaga chini ya meza.

"Wewe, wa mwaitu," Mama akamwambia, maana hivyo ndivyo tunavyomwita mtu mliyezaliwa naye tumbo moja, "mbona unanikanyaga?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yetu haikufika hata mlangoni. Sajini alifungua faili akapekua ukurasa mmoja mmoja, akitafuta livu ya Novemba. Haikuwemo. Tukamtazama Baba, na Baba akatazama mikono yake.

Aliyelima Ukambani haelezwi zaidi. Mvua ya Novemba haina subira. Jirani hawezi kukusaidia kwa sababu siku hiyo hiyo naye yuko nyuma ya ng'ombe wake, na ukichelewa wiki moja umepanda kwa ajili ya ndege. Mwaka ule, nimesimuliwa mara nyingi, mvua ilinyesha kidogo ikakatika. Waliochelewa walikwenda kupanga foleni ya chakula cha msaada. Sisi tulikula chetu, na katika picha ya pekee iliyopo ya wakati huo mimi ni mtoto mnene asiye na shingo.

Sajini alikuwa mtu mwema. Alifunga faili, akaweka kalamu mbele ya Baba.

"Miaka ni mingi," akasema polepole. "Labda mama amesahau, amechanganya huo mwaka na mwingine. Mzee, ukiniambia ni hivyo, mimi naendelea na haya maelezo ya malaria."

Mjomba akakubali kwa kichwa, kwa nguvu, na kifua chake kikalia kama droo ya vijiko. Na mimi, niseme wazi, nilitaka Baba achukue ile kalamu. Nilitaka baba yangu aseme mama yangu amesahau, mbele yake, ili siku yake ikifika tupigiwe makofi. Mama alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole, mtoto, mvua, mbuzi, akarudia tena tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake nikaona hana hakika.

Baba alimwangalia vile vidole.

"Hajasahau," akasema.

"Shemeji," Mjomba akasema.

"Nimesema hajasahau. Malaria sikuwa nayo. Na livu pia sikuwa nayo. Niliruka seng'enge."

Sajini akachukua kalamu yake, akaandika kwa muda mrefu. Akamwambia Baba medali ya amani itaingia kwenye rekodi na ataitwa kuichukua. Ile nyingine ameipoteza, na utoro nao unaingia leo. Akauliza kwenye sababu ya kutoroka aandike nini.

"Andika mvua," Baba akasema.

Akaandika mvua. Baba akatia sahihi, na Mjomba akatoka nje kupunga hewa pamoja na ushahidi wake.

Tulivuka barabara tukaingia hotelini kunywa chai. Mjomba alikula mandazi kwa hasira, akisema jeshi la siku hizi haliheshimu hata uongo wa mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa namhesabia Baba kichwani kile ambacho sasa kitasomwa: medali moja, na kosa. Mama alikuwa hajagusa kikombe chake. Alikuwa hajasema kitu tangu ofisini, na ukimwona Mama amenyamaza hivyo akiwa macho, unaanza kutafuta dawa.

"Siku ile ulipomaliza kulima," akamwambia Baba, "nilikugombeza."

"Nakumbuka."

"Nilisema jeshi limekuharibu. Nikasema hata plau hujui kushika tena, mistari imepinda yote, kama imelimwa na mlevi. Nikawaita na majirani waje waone. Tukacheka."

"Mlicheka sana," Baba akasema.

"Na wewe ukanyamaza tu. Mbona hukuniambia?"

Baba alipuliza chai yake, akaonja, akaiweka chini.

"Shamba la chini liko kando ya barabara," akasema. "Nilikuwa nalima nikiangalia nyuma, kama gari la jeshi linakuja."