Matajiri Nao Hawafi Sawa

Mwaka ule mto Tana ulifurika hadi mashamba ya mpunga yakawa ziwa, nami nilikuwa nimeolewa karibuni katika kijiji kimoja kati ya Ngao na Chara. Nilifanya kazi kwenye zahanati ndogo ya misheni. Niliosha vidonda, nikapima homa, na zaidi ya yote nilimtafsiria Sista, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu na Kipokomo hakukijua kabisa. Sista alitoka Norwei. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba kama upondo wa kusukumia mtumbwi, mwenye mvi, na kila alfajiri alitembea juu ya tuta la mto kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa. Mama mkwe wangu ndiye aliyewapikia wagonjwa.

Katikati ya mafuriko hayo tuliletewa Mmarekani kwa mtumbwi, amelala chali, homa ya malaria imemshika. Alikuwa mpima ardhi, amepiga kambi karibu na Garsen. Wapiga makasia walisema hawajawahi kubeba mgonjwa mzito kama yeye, na kwamba viboko walikuwa wakiwapisha.

Homa ilipomwachia, Mpima aliomba nyama na sigara. Sista akampa kambare wa kuchemsha, kisha akamwamuru atembee. Mpima akamweleza kuwa kwao mtu hatembei ila gari lake likiharibika.

"Ndiyo maana kwenu mnakufa mapema kuliko sisi," Sista akamjibu.

Mpima alicheka mpaka kitanda kikalia. Nchi yake ilikuwa tajiri kuliko zote duniani, alisema, na hospitali zake zilikuwa na mashine ya kila ugonjwa. Itakuwaje wazidiwe umri na watu wanaokula vichwa vya samaki katika giza la baridi ya kwao? Sista alimwambia kuwa hesabu zipo na wenye kuzijua wapo, aende akawaulize.

Kiingereza nilikuwa nimekisoma shule ya misheni, na nilipomweleza mama mkwe walichokuwa wakibishania, aliacha mwiko ndani ya sufuria. Yeye aliamini tangu zamani kuwa Mzungu hufa siku aliyochoka kuishi. Kusikia kwamba nao hutofautiana, tena wenye mali kwa wenye mali, kulimkosesha raha. Akaamua kulifuatilia jambo lile mpaka mwisho, na mkalimani nikawa mimi.

Nafasi aliipata upesi. Nyuma ya jiko alikuwa na tumbaku aliyoipanda mwenyewe, na Mpima alikuwa ameishiwa sigara. Wakapatana: jani moja, jibu moja. Kila Sista alipokwenda kuzungukia wagonjwa vijijini, mimi nilikaa kati yao juu ya kinu kilichopinduliwa, nikitafsiri.

Kwa jani la kwanza tulijua kwamba baba yake Mpima alifia mezani, kabla hajaota mvi, moyo ukasimama akiwa na nyama mdomoni. Kwa jani la pili tulijua kuwa babu naye alikwenda hivyo hivyo. Mama mkwe akaniambia nimuulize kama meza ni ile ile.

Sista naye aliulizwa, ila kwake hakukuhitajika tumbaku. Alisema mama yake angali hai, anapasua kuni mwenyewe, na wakati wa baridi hujifunga mbao miguuni akateleza mlimani juu ya theluji. Nilihangaika sana kuitafsiri theluji. Mama mkwe alinisikiliza kwa huruma, kisha akasema kikongwe akifika hatua ya kujifunga mbao miguuni, watoto wake wanapaswa kukaa naye karibu.

Matembezi ya Mpima, kumbe, yalikuwa na siri yake. Kila jioni alishika fimbo akapanda tuta, akarudi akihema. Sista alifurahi. Mama mkwe ndiye aliyetazama viatu. Kijiji kizima kilikuwa tope mpaka magotini, na viatu vya Mpima vilirudi safi. Alikuwa amekodi mtumbwi wa kumngojea penye kona ya mto, humo alikaa akivuta majani ya mama mkwe mpaka muda upite.

Siku moja Sista alikuja kutukuta nyuma ya jiko, moshi umetuzunguka sote watatu. Nilijua leo kazi yangu imekwisha. Badala ya kufoka, alivuta gogo akaketi. Mama mkwe, kwa kuwa hasara ilikwisha kutokea, akaniambia nimuulize basi: ni samaki wanaowaongezea miaka?

"Si samaki peke yake," Sista akasema. "Mama yangu anavuta kiko tangu ujana."

Mpima akainua kichwa, akatabasamu kama aliyeshinda kesi. Sista akaendelea. Kisiwani alikozaliwa, mkunga alifika kwa mashua kila nyumba, kwa mvuvi na kwa tajiri wa samaki sawasawa, na hakuna aliyeulizwa kwanza ana nini mfukoni.

Akamgeukia Mpima. "Na kwenu?"

Mpima akakung'uta majivu. Mjini kwao palikuwa na hospitali nzuri, alisema, lakini watu weusi hawakupokewa. Mama mmoja mweusi ndiye aliyemlea, akamfundisha hata kufunga viatu. Aliugua, akafia nyumbani, na dirishani kwake hospitali ilionekana.

"Miaka ya watu kama yeye nayo imo katika hesabu yetu," akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe.

Nilitafsiri kwa sauti ya chini. Mama mkwe akamkabidhi Mpima jani jingine, na hakumuuliza kitu.

Maji yalipopungua Mpima alirudi Garsen. Sehemu ya kwanza alikwenda kwa miguu, mtumbwi ukimfuata mtupu, na Sista alisimama tutani mpaka alipopotea machoni, kwa kutomwamini.

Mama mkwe hakupoa. Bwana DC, Mwingereza aliyetawala wilaya yetu, alipokuja kufanya baraza, mama mkwe alisimama mbele ya watu akaniagiza nimuulize Waingereza hufa wakiwa na umri gani, na kwa nini. Nilitazama kofia ya DC, nikatazama askari wake.

"Mama anauliza hali ya wazee wa kwenu," nikasema.

DC alifurahi, akasema wazima wote. Mama mkwe akaninong'oneza kuwa bwana huyu hajajibu swali. DC akataka kujua anasema nini tena.

"Anashukuru," nikasema.