Kuku Aliyemuuliza Koko Jina

Mwezi uliopita nilipita Kasongo, mji nilikokulia, nikasimama mlangoni mwa chumba kimoja cha shule ya parokia. Ndani hamkuwa na kitu ila magunia ya mpunga yaliyopangwa hadi karibu na bati, na lile vumbi la pumba linalokupigisha chafya kabla hujasalimia. Mlinzi wa ghala akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?"

"Kuku," nikamjibu.

Akaniangalia kwa huruma. "Huku iko mupunga tu, mama. Kuku, enda mu soko."

Sikumweleza. Wewe nitakueleza, maana una subira kuliko yeye.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, chumba hicho kilikuwa na kompyuta moja, yenye kisogo kikubwa, iliyofunikwa kwa kitenge dhidi ya vumbi. Jumamosi asubuhi mwalimu wetu wa hesabu alivuta kamba ya jenereta nyuma ya ukuta, mara nne, mara tano, mpaka ikakohoa, nasi tukabanana sita kwenye benchi moja tukijifunza kutengeneza programu. Amri ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Tulizinakili kama wazee walivyoimba Kilatini kanisani: kwa bidii, bila kuelewa. Mwalimu mwenyewe alijifunza kwenye kitabu kilichopoteza jalada na sura tatu za mwisho. Labda ndiyo maana mpaka leo naanza kazi vizuri kuliko ninavyozimaliza. "Mashine haina akili," alituambia kila wiki. "Inaazima ya kwenu. Basi msishangae ikikwama."

Programu yangu ya kwanza ilikuwa dirisha dogo kwenye kioo cha kompyuta, la kutafuta wastani wa alama. Niliirekebisha haraka ili wastani wangu mwenyewe upande. Ya pili ilikuwa mchezo wa kukamata kuku. Kuku mwenyewe alikuwa mraba wa manjano wenye doa jekundu. Alikimbia huku na huko, nawe ulimfukuza kwa kile kifaa cha mkononi tulichokiita suri, na ukimbonyeza aliruka. Niliuonea fahari mno. Nikaweka mbele yake dirisha la kuuliza jina la mchezaji, na sharti kali: asiyeandika jina hapiti.

Taabu ilikuwa nyumbani. Niliishi na mama wa baba yangu, tuliyemwita koko, na Jumamosi ilikuwa siku yake ya muhogo: kuutoa kijitoni ulikolowekwa, kuumenya ukiteleza mikononi na kunuka mpaka puani, kuuanika, kisha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwa mlo wa jioni. Mimi nilikuwa mikono yake. Wiki ya tano nilipotoroka, hakugomba. Alisema tu, "Jumamosi ijayo nitakuja kuona hii kazi. Kama iko muchezo, utarudi ku muhogo."

Ilikuwa mchezo. Hilo ndilo lililoninyima raha wiki nzima.

Alikuja amefunga kitenge chake cha misa. Akamsalimia Mwalimu kwa kirefu, kama ilivyopasa: ameamkaje, watoto je, kile kikohozi cha mkewe, mvua ya juzi. Jenereta ilikuwa ikinguruma, mafuta yakiisha, nami nikihesabu kila habari. Hatimaye akaketi. Alijua kusoma kidogo, kwa ajili ya katekisimu. Akaweka kidole kwenye kioo, akasoma silabi moja moja: JI-NA LA-KO NA-NI?

Akakiondoa kidole.

"Ni nani ananiuliza?"

"Ni mashine, koko."

"Iko na miaka ngapi?"

Mwalimu akakohoa. "Ni mutoto bado, mama."

"Mutoto ananiuliza jina mbele ya kunisalimia?" Akanigeukia mimi, mjukuu aliyezoea kumwita mama. "Mama, ni wewe ulimufundisha?"

Benchi zima likacheka, na masikio yangu yakawaka. Nilimwambia Mwalimu nitamwandikia koko jina mimi. Nikaweka vidole kwenye vibonye, visiende. Jina lake nililijua, nililisikia siku moja kwenye ofisi ya parokia. Lakini kwetu mtoto hatamki jina la koko wake, na nikagundua kwamba vidole navyo vilikuwa vimelelewa vizuri. Nikajaribu kupita bila jina. Sharti langu kali likanikatalia.

"Vunja mulango huo," Mwalimu akaninong'oneza. "Halafu musalimie. Haraka."

Nikafuta sharti. Mahali pake nikaandika: JAMBO KOKO. ULIAMUKA MUZIMA?

Akasoma, polepole. Kisha akakijibu kioo, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Niliamuka muzima. Na wewe, uliamukaje?"

Akangoja. "Haijibu," akasema, na nikaona muhogo wote wa maisha yangu ukinisubiri. Nikaongeza mstari mwingine: NAMI MUZIMA, KOKO. ASANTE.

"Haya," akasema. "Sasa tunaweza kuongea."

Alimkosa kuku mara tatu. "Hii kuku iko mwizi!" Mara ya nne akambonyeza, kuku akaruka, na koko akapiga kofi moja kubwa ambalo, bahati nzuri, liliangukia paja lake. Ndipo jenereta ikazimika. Akainuka, akajifunga kitenge upya, akanitazama.

"Muhogo utamenya mbele ya kuja huku. Jua likitoka, nikute umemaliza."

Nilimenya hivyo miaka mitatu, gizani, nikiimba.

Koko amekwenda, Mwalimu amekwenda, na diski ya kuku wangu ililiwa na unyevu kabla sijapata akili ya kuihifadhi. Chuo kikuu nilikwenda, na kwa muda nikaajiriwa kutengeneza madirisha ya kompyuta za ofisi. Mkubwa wangu aliniambia salamu zangu zinapoteza nafasi, nikazifuta bila kubisha. Leo dirisha lolote linaniuliza jina, simu, hata jina la mama yangu, nami najibu yote kwa utiifu, kama mtu asiye na kwao.

Nimeandika programu nyingi, zikatumiwa na watu nisiowajua. Baada ya ile ya koko, hakuna hata moja iliyoulizwa imeamkaje.