Marehemu Aliyekataa Uji

Kazi yangu ni kusimulia mauaji. Nikisema hivyo kanisani kwetu Kalamba, watu huniombea papo hapo. Mimi na mwenzangu, kijana kutoka Murang'a mwenye masikio makali na subira haba, tuna podikasti ya kesi ambazo mahakama imekwisha kuziamua. Mimi husoma hukumu, hufika mahali tukio lilipotokea, huhoji watu na kusimulia. Yeye hubaki Nairobi katika chumba tulichokizungushia magodoro ukutani, akikata sauti, akiziunganisha na kutia muziki wa kuogofya. Watu hutusikiliza wakipika, wakifua, wakipanga foleni benki. Wengine hunitumia ujumbe wakilalamika kwamba nimewakatisha pale utamu ulipofika, nami hufurahi kwelikweli, maana hapo ndipo nilipokusudia kuwakatisha.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Mutomo. Dalali mmoja wa mbuzi, mwanamke, aliviziwa njiani akitoka sokoni na mtu asiyemjua, akauawa. Muuaji alikamatwa, akahukumiwa, na mpaka leo yuko gerezani. Hukumu niliisoma nikaimaliza. Nilichokosa ni sauti ya mama wa marehemu, ambaye alikuwa amewakatalia waandishi wote waliobisha mlangoni kwake.

Mimi alinikubali, labda kwa sababu nilimsalimu kwa Kikamba na kumwita Mwaitu, yaani mama. Lakini aliniwekea sharti. Kipindi atakisikia yeye kwanza, hapo hapo nyumbani kwake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Asipokipenda, nikifute. Nilikubali, kwa sababu hakuna kesi niliyowahi kuitaka hivyo.

Siku ya kurekodi tulikula kwanza. Kwa Mwaitu huulizwi wala huulizi kitu kabla sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, haijaisha, na yangu aliiongeza mara mbili. Kisha akaongea, polepole, mbuzi wakilia nyuma ya nyumba. Alinieleza bintiye alivyokuwa. Alisimama hata akanionyesha alivyokuwa akimwita jioni arudishe mbuzi, akalipaza jina lake mpaka kuku wakatawanyika. Halafu akaketi, akacheka kidogo, akasema, "Na jana amekataa uji. Nikamwambia wewe tangu zamani ni chai ya maziwa tu. Akanuna, akaenda kukaa na mbuzi."

Mimi sikushtuka hata kidogo. Nilizituma sauti zote Nairobi, nikaenda zangu Kalamba kuwasaidia watu wa kwetu kuvuna mbaazi.

Nilikuwa katikati ya shamba mwenzangu aliponipigia simu akihema. Aliniambia kesi imegeuka, twende polisi au twende wapi, mama amekiri kwamba marehemu alikuwa nyumbani jana na amekataa uji. Alikuwa ameshatengeneza mwisho wa kipindi: muziki unakatika ghafla, kimya, kisha mimi niulize kwa sauti ya chini ni nani basi aliyezikwa. Nilikaa chini kwenye mbaazi nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Yeye aliudhika. Nilimweleza nikipangusa machozi kwamba kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo, na akishapewa, ndiye huyo. Kaka wa marehemu alizaa msichana baada ya msiba, akampa jina la dada yake. Sasa ana miaka minne. Babake humwita mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu, yaani dada. Mwaitu, bibi yake, humgombeza kwa makosa ya zamani ambayo mtoto hakuyafanya. Uji ulikataliwa na huyo.

 Mwenzangu akaniuliza kama hatuwezi kuuacha ule mwisho hata hivyo, maana ulikuwa mtamu. Nilimtukana kidogo, kwa upendo.

Tukatengeneza kipindi bila uji. Nilikionea fahari, sitaki kusema uongo. Kilianza na hatua za mwanamke anayetembea peke yake kwenye changarawe, ko, ko, ko. Hatua zenyewe zilikuwa zangu, nilizirekodi nyuma ya jengo letu Nairobi. Kisha kichaka kikitikisika, muziki, na mimi nikielezea giza. Nilirudi Mutomo na spika ndogo, nikaiweka kwenye meza ya Mwaitu. Yeye aliketi upande mmoja, mwanawe, kaka wa marehemu, upande mwingine, nami nikabonyeza.

Hatukufika mbali. Mwaitu aliinua mkono nisimamishe.

"Hizo viatu ni za nani?" aliuliza.

Nikasema ni vya marehemu, akitoka sokoni.

"Yeye alikuwa anavaa akala za tairi. Akala hailii hivyo." Akaitazama spika. "Huyu mtu ameuawa hapa simjui. Mimi nilizaa mtu mwingine."

 Nilijua kipindi kimekufa, na niliona kwamba ana haki. Nilikuwa nimejua kila kitu kuhusu dakika zake za mwisho, na maisha yake yote yaliyotangulia nikayafupisha kuwa sentensi moja: alikuwa dalali wa mbuzi. Nikamwomba Mwaitu anisamehe, nikanyoosha mkono kuichukua spika. Yule kaka ndiye aliyeniokoa. Aliniuliza, kwa upole tu, kama nimeambiwa habari ya mbuzi wa posa.

Sikuwa nimeambiwa. Basi akasimulia, nami nikawasha kinasa sauti kwa haraka kabla Mwaitu hajabadili nia.

Watu wa mchumba walikuwa wamekuja kumposa dada yake na mbuzi wa ntheo, wale mbuzi wa kwanza ambao bila wao posa haihesabiki. Wazee wakiwa ndani wanasalimiana kwa heshima zote, bibi harusi mtarajiwa alizunguka nyuma ya nyumba, akawafungua mbuzi midomo mmoja mmoja, akakagua meno. Akaingia ndani bila kuitwa, akatangaza kwamba mmoja ni kikongwe na arudishwe. Wageni waliaibika. Wakatuma mtu mbio sokoni atafute mwingine, na mbuzi mzuri aliyepatikana siku hiyo alikuwa wa dalali anayejulikana, ambaye asubuhi hiyo alimwachia mtu amuuzie. Hivyo wageni wakamnunua mbuzi wa bibi harusi ili waje kumposa yeye mwenyewe.

"Akakula pande zote mbili," alisema kaka yake. "Na ile posa haikufika popote."

Mwaitu alikuwa ameinama, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, amejifunika uso kwa leso. Baada ya hapo hawakunyamaza. Walinieleza alivyoiga sauti ya kila mbuzi wa jirani, alivyotolewa kwayani kwa kucheka wakati wa maombi, alivyorudishwa kwayani kwa sababu bila yeye sauti ya pili ilipotea. Sijawahi kucheka hivyo kazini.

Tukakitengeneza kipindi upya, na nilipokirudisha Mutomo mwenzangu alikuja pia. Nilimtambulisha kwa msichana mdogo, nikamwambia, "Huyu ndiye marehemu wako wa uji," na mtoto akamwangalia kwa dharau ya dalali kamili. Tulikula muthokoi. Kisha tukakaa kumzunguka Mwaitu, mtoto akaenda zake kwa mbuzi, nikabonyeza.

Kilianza na mbuzi wa posa. Mauaji yalikuja katikati, kwa maneno machache, bila muziki. Hapo Mwaitu aliinamisha kichwa na kushika mkono wa mwanawe. Mimi sikuweza kumtazama. Niliogopa mkono ule utainuka tena.

Kisha ikafika sauti ya Mwaitu mwenyewe, akilipaza lile jina ili mbuzi warudishwe.

"Niko!" alijibu mtoto kutoka nje.

Akaja mbio, vumbi hadi magotini, akatuangalia sote na kuuliza ni nani amemwita. Mwaitu alimtazama, kisha akaitazama spika. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa akitabasamu kama sijui nini.

"Ni mimi nimekuita," alimwambia. Akanigeukia. "Enda nayo. Watu wamsikie."

Nilimshukuru. Mwenzangu alikuwa anapangusa macho na kusingizia moshi wa jikoni. Mtoto ndiye pekee aliyekuwa na haraka. Aliagiza tungoje kwanza, akakimbia tena mpaka kwa mbuzi, na kutoka huko akapaza sauti tumwite mara nyingine. Mwaitu akaniashiria nirudishe nyuma.