Kiungo wa Benchi la Harbrough

Februari 14, 2009, aliichezea Harbrough mechi yake ya kwanza ya kulipwa, akiingia dakika ya themanini na moja. Ni kiungo: kabla ya kupokea chochote huchungulia nyuma ya bega, hata kwenye foleni ya kifungua kinywa cha klabu.

"Babu, hakuna anayekukaba hapa," vijana humtania. "Beba mayai yako."

Huyabeba, akala peke yake dirishani. Msimu huu alihitaji kucheza mechi moja zaidi ili mkataba urefushwe. Siku ya mwisho alipasha misuli kipindi chote cha pili, na kocha hakumwita. Mashabiki walipokuwa wakitoka, wachezaji wa akiba walikimbizwa mbio za mazoezi uwanjani kama kawaida. Wenzake walipokwenda kuoga, yeye aliendelea, mbio fupi fupi, viganja vimefumbata ncha za mikono ya jezi.

"Bwana wee, nyasi zinataka maji," alisema Neville, mtunza uwanja, akimsukumia mpira uliosahauliwa.

Akautuliza, akamrudishia polepole mguuni. "Una muda, Nev," alimwambia kwa sauti ya mchezoni, kama kwa mwenzake asiyekabwa. "Geuka nao."

Mkataba wake unaisha Juni 30. Klabu haitaurefusha.